Mali Bila Daftari: Wanasesere wa Marekani na Wanasesere wa Lulindi

Wako wasomi ambao hucheka wasikiapo kwamba huko Marekani watu wazima, wenye akili timamu na mvi kichwani, hukusanya wanasesere wa miaka ya 1950. Wasema kuwa hiyo ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba mtoto wa bandia si jambo la kumshughulisha mwanachuoni. Kicheko hicho kina haraka. Kabla mtu hajamcheka mwenziwe kwa yaliyomo kabatini mwake, yafaa alifungue kwanza kabati lake mwenyewe.

Mkusanyaji huyo anayechekwa ana kanuni. Akimtwaa mwanasesere mkononi, haanzi kwa kusema kuwa ni mzuri au mbaya. Humgeuza. Hutazama kisogo na mgongo, maana ndipo viwanda vilipozoea kupiga chapa. Kisha huchunguza mwili umefanywa kwa kitu gani. Ukiwa wa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, wenye kufanya nyufa nyembamba kwa uzee, hujua kwamba kwa kawaida ni kazi iliyotangulia mwisho wa miaka ya 1940. Ukiwa wa plastiki ngumu, hufikiri juu ya miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili. Ukiwa wa plastiki laini iitwayo vinili, na nywele zimepandwa katika ngozi ya kichwa unywele kwa unywele, hushuka mpaka miaka ya 1950 na baadaye. Hutazama kama macho hufumba mtoto alazwapo. Hutazama mshono wa gauni na kifungo cha kiatu, tena huuliza kama nguo ni ile aliyotoka nayo kiwandani au alivishwa baadaye.

Barbie ni mfano wa kutosha. Kampuni ya Mattel ilimwonyesha kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Machi, 1959. Wale wa kwanza kabisa hutambulikana kwa nyayo zao: zina matundu yaliyotiwa vijibomba vya shaba, ili mwanasesere asimamishwe juu ya kibao chake. Mkusanyaji ajua pia kwamba huyu aitwaye Mmarekani alitengenezwa Japani, na kwamba umbo lake lilifuata la mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Lilli. Hayo yote yajulikana juu ya kitu kilichomwagwa na mashine kwa maelfu, kila kimoja kikifanana na mwenziwe.

Sasa na litazamwe kabati la wanachuoni. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni ya Masasi kuchomwa moto katika vita vya Maji Maji, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika Masasi, akapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Hakuwa mvivu. Alipiga picha, alinasa sauti kwa santuri za nta, alichukua hata picha zenye kwenda, na mwaka 1908 akatoa kitabu juu ya safari yake. Vitu alivyokusanya vilikwenda Leipzig, Ujerumani, katika makumbusho ambayo yeye mwenyewe alikuja kuwa mkuu wake. Lakini alikusanya katika nchi iliyotoka kupigwa, akisindikizwa na askari, kwa watu ambao hawakuwa na nguvu kubwa ya kukataa. Na ada ya zama zile ilikuwa kwamba, kitu kikishavuka bahari, jina la kabila lilihesabiwa kuwa linatosha mahali pa jina la mtu.

Ada hiyo haikuzikwa pamoja na zama zake. Mpaka leo kinyago huwekwa ndani ya kioo, kikamulikwa taa, na chini yake pakaandikwa “Makonde” na hapana zaidi. Aliyekichonga ni nani? Alikichonga katika kijiji gani, kwa mti gani, kwa ngoma ya mwaka upi? Kilipochakaa kilirithiwa, kilizikwa, au kiliachiwa mchwa? Maswali ambayo mstaafu mmoja wa Marekani huyauliza juu ya kiatu cha plastiki, mwanachuoni hakuyauliza juu ya kazi ya mkono ambayo haina pacha duniani. Basi nani astahili kuchekwa?

Lulindi ina somo la kutosha katika jambo hili. Mahali hapo, kati ya Masasi na Newala, palijengwa hospitali ya misheni ya Waingereza, na Daktari Leader Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifanya kazi hapo tangu miaka ya 1930. Hapana daktari awezaye kutibu kwa kuandika katika cheti cha mgonjwa “Mmakua, Lulindi” akaridhika. Angeua watu. Ataka jina, umri, maumivu yalipoanza, na dawa iliyotangulia kunywewa. Uangalifu upasao mwili wa mtu mmoja wapasa pia kazi ya mikono yake, kwa sababu kazi hiyo ndiyo itakayobaki mwili ukiondoka.

Watetezi wa uzembe hawakosi hoja. Wasema kwanza kwamba mwanasesere ni upuuzi wa watoto. Mahakama Kuu ya Marekani haikuona hivyo. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliotofautiana kwa rangi tu, wakawauliza yupi mwema na yupi mbaya. Wengi walimsifu mweupe. Uchunguzi huo uliingia katika kesi ya ubaguzi wa shule iliyohukumiwa mwaka 1954, na ubaguzi ukatangazwa kuwa kinyume cha sheria. Tangu mwaka 1947 mchoraji Jackie Ormes, mwanamke mweusi, alikwisha kutoa mwanasesere wake Patty-Jo, ili mtoto mweusi ashike mkononi sura isiyomdhihaki. Naye Mmakonde hahitaji kuhubiriwa na Wamarekani. Katika masimulizi ya asili yake, mtu wa kwanza aliyekaa peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikawa mwanamke na mama wa kabila. Watu waaminio kwamba sanamu ndiyo iliyowazaa hawawezi kuambiwa kuwa sanamu ni mchezo.

Wasema pili kwamba Mwafrika hajali jina la fundi, kwa kuwa sanaa yake ni ya jamii nzima. Maneno hayo yana heshima kwa nje na uvivu kwa ndani. Jina la Samaki Likankoa lajulikana leo kuwa ndilo la aliyeanza kuchonga mashetani mjini Dar es Salaam, kwa kuwa palikuwa na watu walioshughulika kuuliza na kuandika. Jina lisiloulizwa halikukosekana, liliachwa.

Hoja ya tatu ina uzito, nayo haifai kupuuzwa. Ziko sanamu za unyago ambazo si za macho ya kila mtu. Hans Cory alitoa kitabu juu ya sanamu za namna hiyo mwaka 1956, na tangu hapo msomaji yeyote aweza kufunua kurasa za mambo ambayo mwari aliyafundishwa kwa kiapo. Hapa kanuni ya mkusanyaji haina budi kusimama mlangoni mwa kungwi na kungoja ruhusa. Lakini siri ya unyago si kisingizio cha kutojua mambo yaliyo peupe. Mtoto wa gunzi la mahindi, aliyefungwa kitambaa na kubebwa mgongoni na msichana mbele ya watu wote, hana siri. Ni nani ameandika habari zake?

Huyo wa gunzi ndiye aliye hatarini kuliko wote. Plastiki ya mwaka 1959 itadumu. Gunzi haliwezi kungoja masika ya pili. Kumkusanya si kumfungia ndani ya kioo. Ni kumwuliza bibi aliyemtengeneza: alifungwa namna gani, nywele zake zilikuwa nini, alipewa jina gani, nani alikatazwa kumshika, naye alitupwa wapi. Mwanafunzi mwenye daftari la senti chache na adabu ya kuketi mkekani aweza kufanya kazi hiyo Lulindi wakati wa likizo moja.

Faida yake si ya kiungwana tu. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika makumbusho ya taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mjini Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa Tanzania. Kilirudi kwa sababu kilitambulikana. Kitu kisichotambulikana hakidaiwi, kwa kuwa mdai hana la kusema mbele ya hakimu isipokuwa kwamba kinafanana na vya kwao.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wamarekani wameifungulia daftari plastiki yao. Wanaowacheka wamepoteza miti yao na magunzi yao, na hata habari ya kupotea kwake hawana.