Mtunzi wa Maneno ya Nyimbo na Dharau ya Wasomi

Iko dharau moja katika vyuo vyetu ambayo imevumiliwa kupita kiasi. Mtu akitunga shairi likapigwa chapa kitabuni, huitwa malenga, na wanafunzi hutahiniwa kwalo. Akitunga maneno ili yaimbwe jukwaani, huhesabiwa kuwa mtumishi wa wapiga vinanda. Wenye dharau hii hutoa hoja tatu: kwamba maneno ya wimbo huifuata sauti kama mkia umfuatavyo mbuzi, kwamba hutungwa kwa tamaa ya fedha, na kwamba yakisomwa bila ya muziki huwa chapwa. Nataka kuzipima kwa kazi ya Oscar Hammerstein wa Pili, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1895 akafa mwaka 1960, maana hakuna mtunzi wa michezo ya nyimbo aliyefanikiwa kumshinda sana. Lau hoja hizi ni za kweli, kwake zingedhihirika.

Alipoandika Show Boat pamoja na Jerome Kern mwaka 1927, mara nyingi sauti ilitangulia. Hilo nalikubali. Lakini alipoungana na Richard Rodgers katika Oklahoma! mwaka 1943, aghalabu maneno ndiyo yaliyotangulia. Yasimuliwa kuwa wimbo wa kwanza wa mchezo huo ulimsumbua Hammerstein wiki tatu, na Rodgers akautilia sauti kwa dakika chache. Mkia ni upi hapo, na mbuzi ni yupi?

Tena alikuwa mtaalamu wa lugha, ingawa hakuwa na shahada yake. Mwaka 1949 alitoa kitabu cha maneno ya nyimbo zake chenye utangulizi mrefu. Humo aeleza kwamba neno la mwisho la wimbo halina budi kumwachia mwimbaji kinywa wazi. Na ajilaumu kwa wimbo mmoja wa Carousel, mchezo wa mwaka 1945, alioumaliza kwa neno lililofungwa na sauti ya k, akiamini kuwa kufuli hiyo ndiyo iliyouzuia kupendwa. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, maana kila neno letu la asili huishia kwa irabu. Alichokitafuta yeye kwa jasho, sisi twakinyonya na maziwa. Lakini irabu hazilingani. Mwimbaji wa taarab aivutaye a mwishoni mwa kibwagizo hapati taabu aipatayo akiivuta i au u. Ni nani miongoni mwetu tufundishao ushairi aliyewahi kulisema hili darasani? Twahesabu mizani, twakagua vina, kisha twafunga kitabu, kana kwamba mizani haikuzaliwa kooni mwa waimbaji.

Hoja ya fedha ni nyepesi zaidi. Hammerstein alitajirika, ni kweli. Lakini kabla ya Oklahoma! alipita miaka kumi hivi ya kuanguka karibu mfululizo. Very Warm for May ya mwaka 1939 ilionyeshwa mara 59 tu. Oklahoma! ilipofanikiwa, nayo hatimaye ikafika maonyesho 2,212, alitia tangazo katika gazeti la Variety akiitaja michezo yake iliyoanguka, na kuonya kwamba aweza kuanguka tena. Mfanyabiashara hatangazi hasara zake. Tena katika South Pacific, mwaka 1949, aliweka wimbo usemao kwamba chuki ya rangi hufunzwa watoto, hawazaliwi nayo. Walishauriwa, yeye na Rodgers, wautoe, wakakataa. Mwaka 1953 watunga sheria wa jimbo la Georgia wakaushambulia waziwazi. Mwenye kutazama mfuko tu angalikwisha kuufuta.

Hoja ya tatu ina ukweli nusu. Baadhi ya beti zake zina sukari nyingi mno, nami sitamtetea kwa hizo. Lakini jahazi halipimwi mwendo likiwa limepandishwa pwani. Hata utenzi ukisomwa kimya hupoteza nusu ya uhai wake, na hakuna aliyeutoa utenzi katika fasihi kwa sababu hiyo.

Hasara ya dharau hii ni yetu wenyewe. Siti binti Saad alirekodi sahani huko Bombay mwaka 1928, na jina lake kila mwanafunzi analijua. Muulize maneno ya wimbo fulani wa taarab ni ya nani, naye atakutazama tu. Sahani nyingi humtaja mwimbaji na kumwacha malenga gizani, na wasomi, ambao ndio wangestahili kumtafuta wangali wazee wanamkumbuka, wameridhika. Nataka nyimbo hizi zikusanywe, kila moja na jina la mtunzi wake, ziwekwe katika orodha ya vitabu vya mwaka wa pili pamoja na diwani zetu. Muhula ujao nitatia swali la irabu za kibwagizo katika mtihani wangu. Wanaopinga na walete hoja ya nne.