Neno na Maana: Mzazi, Jamaa na Mlezi

Juma hili twalitazama neno la Kiingereza liwatatizalo wasemao Kireno, wakiwemo Waislamu wenzetu wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ambao nyumbani husema Kimwani au Kimakua na shuleni husoma kwa Kireno. Neno lenyewe ni "parents".

Kwa Kiingereza, "parents" ni wazazi: baba na mama. Kireno nacho kina "parentes". Maneno haya ni ndugu, kwani yote yametoka katika Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kuzaa. Lakini Kireno kimelipanua lake: "parentes" ni jamaa kwa jumla, shangazi, mjomba, binamu, hata wa mbali. Wazazi kwa Kireno ni "pais", wingi wa "pai", yaani baba. Na jamaa kwa Kiingereza ni "relatives".

Tuseme yatima aliyesomeshwa kwa Kireno apewa fomu ya shule kwa Kiingereza. Penye "parents" aandika jina la shangazi amleaye, kwani kwa Kireno huyo ni "parente" bila shaka. Hakukusudia uongo; lakini karatasi sasa yasema shangazi ndiye aliyemzaa, na jina la marehemu baba yake halimo.

Kwetu Waislamu hilo si jambo dogo. Sharia imeihifadhi nasaba: mtoto alelewaye na mwingine hubaki kuitwa kwa jina la baba yake, na mlezi ana ujira mkubwa kwa Mola wake bila kudai uzazi. Kiingereza kina neno la mlezi pia, "guardian", na fomu nyingi huliweka kando ya "parent".

Wala tusiwaone wenzetu kuwa wageni wa lugha peke yao. Watoto wetu humwita mama mkubwa "mama", na ni adabu njema; ila fomu haiijui adabu hiyo. Basi akina mama, karatasi za shule zijapo nyumbani, tuzisome pamoja na watoto kabla ya kalamu kushikwa: aliyezaa aandikwe penye mzazi, aleaye penye mlezi, na kila mmoja abaki na haki yake.

Wabillahi tawfiq.