Zima Hilo Balaa

Jumatatu. Tuktuk niliyopanda leo kutoka Soko Mugdi, hapa Garissa, iliendeshwa na kijana asiyezidi miaka kumi na tisa, na spika alikuwa ameifunga chini ya kiti cha abiria. Dundo lilinipanda kutoka makalioni hadi kwenye meno. Kando yangu alikaa mama mwenye jerikeni mbili za maziwa ya ngamia. Alivumilia weee, kisha akafoka: "Hooyo, zima hilo balaa, maziwa yangu yataganda!" (Mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye.) Kijana akapunguza sauti. Mama aliposhuka, akaipandisha tena.

Ulikuwa Arbantone, muziki unaofufua midundo ya genge, rapu ya Nairobi ya miaka ya 2000 mwanzoni. Maana yake ni kwamba dundo lile lile nililokaripiwa nalo utotoni limerudi kunitesa nikiwa na mvi. Nilimweleza dereva. Alinitazama kama mtu aliyezaliwa kabla ya Mto Tana.

Jumatano. Jirani amemnyang'anya bintiye simu kwa kosa la "nyimbo za Nairobi". Binti analia kwamba ni qaraami, zile nyimbo za mapenzi za udi alizonakili kutoka kanda za ayeeyo wake, yaani bibi yake. Baba hataki kusikia habari ya ayeeyo.

Zipo nyumba hapa ambamo ala yoyote haipiti mlangoni kwa sababu ya dini. Hao sibishani nao. Wanakataa udi na Arbantone kwa kipimo kimoja. Ninaowashuku ni wale wanaolaani "nyimbo za siku hizi" huku simu zao zenyewe zikiita kwa sauti ya Magool, mwimbaji wa Kisomali wa zamani.

Alhamisi. Karibu na daraja malori yamepanga foleni, na kila dereva ana muziki wake. Nikamkumbuka Abdi Sinimo. Naye alikuwa dereva wa lori, katika Somaliland ya Waingereza, miaka ya 1940. Ndiye aliyeanzisha balwo: mistari michache tu, yote ya mapenzi, na husimuliwa kwamba ngoma ya mwanzo ilikuwa debe tupu la petroli. Wazee waliolelewa kwa gabay, mashairi marefu ya vita, ngamia na heshima ya ukoo, waliona huo ni utoto. Masheikh wakakemea. Jina lenyewe lilikuwa limeshakiri kosa, kwa kuwa "balwo" ni ndugu wa "balaa" letu, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu.

Lakini utamzuiaje mtu mwenye lori? Balwo ilisafiri mji hadi mji, ikarefuka ikawa heello. Abdullahi Qarshe, ambaye alizaliwa Moshi mwaka 1924, akaipa udi. Leo mzee akitaka kukuonyesha muziki wenye adabu, atakuwekea nyimbo za ukoo huo huo.

Ijumaa. Baada ya swala mji umetulia, hata tuktuk. Kimya hiki kinanikumbusha Aprili 2010, wanamgambo wa Hizbul Islam walipoziamuru redio za Mogadishu ziache muziki. Vituo vingine vikaziba mapengo baina ya vipindi kwa milio ya risasi, magari na wanyama. Tangu hapo mzazi anayepiga kelele "zima!" namwona mpole kabisa. Yeye angalau husahau ikifika saa ya chai.

Jumamosi. Vijana wa mtaa wamepita na spika begani wakielekea harusini. Nilitamani wangealikwa Gargar, akina mama wa hapa hapa Garissa waliozitoa nyimbo za Kisomali za kaunti hii hadi kwenye studio za Nairobi. Sikuulizwa.

Binti wa jirani amerudishiwa simu, bila memori kadi. Usiku, kama saa tano, nilitoka nje kutafuta upepo nikasikia udi, kwa mbali, kama umefunikwa blanketi. Ulitoka kwenye Probox ya baba yake. Alikuwa ndani peke yake, vioo vyote amepandisha, na joto hili la Garissa.