Kombe la mheshimiwa na zulia la Dallas

KUTOKA MLIMANI
Na Mwenda Kinyua

Ukitaka kujua kombe litaishi miaka mingapi, soma jina lililochapishwa mgongoni mwa jezi. Likiwa la mheshimiwa, hesabu siku zilizobaki kabla ya uchaguzi. Huku kwetu, toka Runyenjes hadi Maua, tumeona makombe ya kila aina: la gavana, la seneta, la mbunge, la mwakilishi wadi, hata la mtu anayetamani tu kuwa mwakilishi wadi. Mipira hugawanywa, mbuzi huchinjwa, fainali huchezwa juani huku hotuba zikiwa ndefu kuliko mechi. Kura zikishahesabiwa, mshindi husahau na aliyeshindwa hununa. Hakuna anayetangaza kwamba kombe limekufa. Mwaka unaofuata halichezwi, basi.

Mfano ninaoupenda wa kifo cha namna hii hautoki uwanja wa Kinoru mjini Meru wala Uwanja wa Moi mjini Embu. Unatoka Dallas, jimbo la Texas, katika mchezo ambao wengi wetu tunauona wa wenye pesa: tenisi, tena ile ya kuchezwa ndani ya ukumbi. Mimi mwenyewe raketi ninayoimudu ni ile ya kuulia mbu. Lakini kisa cha fainali za WCT kinatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Mwaka 1967 Lamar Hunt, mwana wa tajiri wa mafuta, aliungana na mfanyabiashara Dave Dixon wa New Orleans kuanzisha kampuni ya tenisi ya kulipwa, World Championship Tennis, yaani WCT. Wakati huo mchezaji aliyepokea mshahara hadharani hakuruhusiwa kushiriki mashindano ya ubingwa wa Wimbledon. Tenisi ilikuwa ya waungwana waliojifanya hawali kwa jasho lao, huku wakipewa bahasha chini ya meza. Hunt na mwenzake wakawasajili wachezaji wanane, wakawaita Wanane Watanashati, wakawavisha nguo za rangi badala ya nyeupe na kuwaambia mashabiki wapige kelele wanavyotaka. Wazee wa tenisi walikasirika. Hata hivyo, ilipofika Aprili 1968, mashindano makubwa yalianza kufungua milango kwa wanaolipwa.

Fainali za kwanza za WCT zilichezwa mwaka 1971. Bingwa alikuwa Ken Rosewall wa Australia, aliyemshinda Mwaustralia mwenzake Rod Laver, na zawadi yake ilikuwa dola 50,000, pesa ambazo tenisi haikuwa imewahi kumpa mtu kwa mechi moja. Mei 1972 wawili hao wakakutana tena, safari hii katika ukumbi wa Moody Coliseum wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, ukumbi uliojengewa mpira wa vikapu. Juu ya sakafu palitandikwa zulia, wavu ukafungwa, na kwa zaidi ya saa tatu na nusu Rosewall mwenye miaka 37 na Laver mwenye miaka 33 wakapigana seti tano. Seti ya mwisho iliamuliwa kwa taibreki. Rosewall alishinda. Marekani zaidi ya watu milioni 20 waliitazama kwenye televisheni, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba siku hiyo ndiyo Mmarekani wa kawaida aligundua kuwa tenisi ni mchezo wa kumtoa mtu jasho. Laver, aliyeshinda karibu kila kitu kingine, hakuwahi kulichukua taji la Dallas.

Na sisi tunaingilia wapi? Mwaka 1970 Arthur Ashe na Stan Smith walizuru Afrika kwa niaba ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Walipitia Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia, Nigeria na Ghana, wakicheza mechi za maonyesho. Ashe alikuwa Mmarekani mweusi ambaye mwaka huohuo serikali ya makaburu ilimnyima viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1973, wawili hao walikutana kwenye fainali ya Dallas, na Smith akashinda kwa seti tatu kwa moja. Ashe alilipata taji mwaka 1975 kwa kumshinda kijana Bjorn Borg, na miezi miwili baadaye akachukua Wimbledon, mwanamume mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Ashe alirudi Afrika mwaka 1971. Akiwa Yaoundé, Cameroon, alimwona mtoto wa miaka 11 akipiga mpira, akawaarifu wakuu wa tenisi wa Ufaransa. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah, na mwaka 1983 alitwaa ubingwa wa Ufaransa pale Roland Garros. Wapenzi wa tenisi hukisimulia kisa hiki kama muujiza wa jicho la Ashe. Mimi naona jambo la kawaida kabisa: palikuwa na kiwanja ambacho mtoto angeweza kukifikia, na Ufaransa kulikuwa na shule ya tenisi iliyokuwa tayari kumpokea. Jicho la Ashe lilipita pia Afrika Mashariki. Paul Wekesa, aliyekuja kuwa mchezaji wetu bora na kufika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, wakati wa ziara ile ya 1970 alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Turudi Dallas, kwenye maziko. Mashindano yale hayakufa kwa kukosa watu, na ukumbi haukuwa tatizo. Kuanzia mwaka 1980 yalihamia Reunion Arena, ukumbi mkubwa zaidi. Yaliuawa na kalenda. Tangu mwanzo Hunt aligombana na wenye mashindano mengine kuhusu nani acheze wapi na wiki gani. Ugomvi ulipopamba moto, wachezaji wa WCT walifungiwa nje ya mashindano ya shirikisho la tenisi la kimataifa kuanzia Januari 1972, na John Newcombe akashindwa kutetea taji lake la Wimbledon. Hunt akaungana na mahasimu, akatengana nao, akawapeleka mahakamani, akaungana nao tena. Mwaka 1988 wachezaji wenyewe waliitisha mkutano na waandishi wa habari katika maegesho ya magari nje ya viwanja vya US Open, wakatangaza kwamba wataendesha ziara yao wenyewe. Ziara hiyo ya ATP, chama cha wachezaji, ilianza 1990, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya WCT. John McEnroe alishinda Dallas mara ya tano mwaka 1989 kwa kumfunga Brad Gilbert, na hapo ndipo palipokuwa mwisho. Mashindano ya ndani ya Wembley, London, yaliyoanza mwaka 1934 na kuishia mikononi mwa kampuni ya sigara, nayo yalifungwa mwaka uliofuata.

Hata zulia limekufa. Lilikuwa kitu cha busara sana lile zulia: unalibeba kwa lori, unalitandika juu ya sakafu ya vikapu, kesho unalikunja unaondoka. Lilifanya ukumbi wowote mrefu kuwa kiwanja cha tenisi. ATP ililiondoa katika mashindano yake makuu mwaka 2009. Mwaka huohuo Wimbledon, ngome ya nyasi na mvua, ilifunika kiwanja chake kikuu kwa paa linalofunguka na kufungwa.

Watu wa Embu na Meru hawahitaji kufundishwa jinsi mashindano yanavyoondoka. Safari Rally ya zamani ilikuwa ikiuzunguka Mlima Kenya, na magari yalipita huku kwetu yakirusha matope huku shule nzima zikiwa kando ya barabara. Baada ya 2002 ikatolewa kwenye mbio za ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021 ilikwenda Naivasha. Kinoru nayo ilikarabatiwa kwa ajili ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, la Januari 2018. Septemba 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatupokonya, Morocco ikapewa. Tukaambulia sherehe za Madaraka za Juni 2018, na Embu ikapata zamu yake ya sherehe hizo mwaka 2023. CHAN ilipokuja kweli, Agosti 2025, mechi zilizoandaliwa Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo, Nairobi. Sisi tulitazama kwenye runinga.

Hoja yangu ni kwamba tumekosea kuomba makombe. Kombe ni la mtu, na mtu ana kipindi. Lamar Hunt alikuwa na subira na pesa kuliko mheshimiwa yeyote wa kwetu, aliendesha mambo yake kwa miaka zaidi ya ishirini, na bado mashindano yake yalizimika wengine waliposhika kalenda. Kilichobaki Dallas ni ukumbi wa chuo, ambao mpaka leo wanafunzi wanachezea vikapu. Tuombe hicho: paa.

Paa, kwa sababu anayeishi upande huu wa mlima anajua hali ya hewa yetu. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, na katikati yake Julai yenye baridi, ukungu na manyunyu yasiyoisha. Kiwanja cha udongo kikilowa, hakichezeki. Cha saruji huteleza. Ukiondoa miezi hiyo na ukaondoa mitihani, mtoto anabaki na muda gani wa kujifunza kupiga mpira? Halafu kuna mwinuko. Kanuni za tenisi za kimataifa zina mpira maalumu wa sehemu zilizo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, maana hewa nyepesi hufanya mpira wa kawaida uruke kupita kiasi. Mji wa Embu na mji wa Meru yote iko juu ya kiwango hicho. Anayenunua mipira ya shule bila kulijua hilo anawapa watoto kazi ya kuokota.

Najua nitakayoambiwa: kiwanja kamili cha tenisi ndani ya ukumbi ni gharama. Ni kweli. Kiwanja chenyewe kina urefu wa mita 23.77, na ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni unahitaji kama mita 36 kwa 18, na paa la mita tisa hivi juu ya wavu. Bwalo la shule halitoshi. Lakini kaunti zetu zinajua kujenga paa kubwa lisilo na kuta. Tazama masoko mapya ya kisasa yanayojengwa, vyuma na mabati juu, pembeni wazi. Mchezo hauhitaji kuta. Paa la namna hiyo, saruji laini chini, mistari ya rangi nne kwa tenisi, voliboli, vikapu na badminton, na taa. Wala Jumapili halikosi kazi, mnajua wenyewe makanisa yanavyotafuta mahali.

Kwa watoto wadogo, hata bwalo linatosha. Tangu 2012 kanuni za shirikisho la tenisi duniani zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini yatumie mipira myepesi zaidi isiyo na kasi: ya rangi nyekundu, ya machungwa na ya kijani. Mpira mwekundu huchezwa kwenye kiwanja cha mita 11 hivi kwa urefu, chini ya nusu ya kile kikubwa. Sukuma meza ukutani baada ya chakula cha mchana, chora mistari kwa chaki, funga kamba katikati, na shule yoyote ya msingi kuanzia Nkubu hadi Manyatta ina tenisi ya ndani. Kinachokosekana ni mwalimu aliyepewa mafunzo ya siku chache na raketi ndogo za kutosha. Gharama yake ni ndogo kuliko hema na vipaza sauti vya fainali moja ya kombe la mheshimiwa.

Kama mtu anadhani hizi ni ndoto, amkumbuke Angella Okutoyi. Alilelewa na nyanyake, aliyefanya kazi katika shule moja jijini Nairobi. Waliishi pale pale shuleni, viwanja vikiwa karibu. Julai 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, 3-6, 6-4, na 11-9 katika taibreki ya mwisho. Hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla yake. Upande wa pili wa wavu alikuwapo Victoria Mboko, Mkanada ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, na ambaye Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal. Okutoyi hakukuzwa na kombe la mtu yeyote. Alikuzwa na viwanja vilivyokuwa mlangoni kwao.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inadai kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo hufanyika wadi kwa wadi na huhudhuriwa na watu wachache, wengi wakiuliza barabara na zahanati, na wana haki. Safari hii aende mzazi mmoja kutoka kila shule. Aulize paa la michezo liko ukurasa gani, litagharimu kiasi gani, na nani atashika ufunguo gavana akishabadilika.