Mkata Miti Akija, Mtazame Miguuni Kwanza

Msimu wa mvua unapokaribia, wengi wetu tuishio mitaani huinua macho na kuanza kuitilia shaka miti iliyoegemea mapaa ya nyumba zetu. Hofu hiyo ina msingi, hasa baada ya yale tuliyoyaona Aprili na Mei 2024. Basi fundi huitwa. Huja na msumeno wa injini begani, chupa ya petroli mkononi, na akala au kandambili miguuni. Mkishapatana bei, wewe unarudi ndani kunywa chai.

Hapo, msomaji mpendwa, ndipo ninapotofautiana nawe. Aliyemwita mkata miti ana wajibu juu ya mwili wake hadi mti ulale chini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Utaniambia kwamba huyu si mwajiriwa wako, amekuja kibarua cha saa mbili tu. Labda wakili atakutetea hivyo. Lakini atakayevuja damu, atavujia uani pako.

Yafaa ifahamike ni chombo cha aina gani hiki. Injini ikinguruma kwa nguvu zake zote, mnyororo hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko katika ncha ya ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo, hasa upande wa juu wa ncha hiyo. Ukigusa tawi au gogo jingine, msumeno wote huruka juu na nyuma kwa ghafla, mfano wa punda apigaye teke, na huelekea shingoni na usoni mwa aliyeushika. Hakuna binadamu mwepesi wa kutosha kuukwepa. Ndiyo maana watengenezaji waliweka breki ya mnyororo, ile ngao ya plastiki iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Kwa bahati mbaya, ngao hii ikivunjika, mafundi wengine huona hasara kununua nyingine. Ikiwa haipo, usikubali kazi ianze.

Mtazame pia anavyouwasha. Msumeno huwekwa chini, mguu ukakanyaga mshikio wa nyuma, kisha kamba ikavutwa. Anayeuning'iniza hewani kwa mkono mmoja huku akivuta kwa mwingine anajitafutia balaa, hata kama wapita njia wanamshangilia. Kukata juu ya usawa wa mabega, au kusimama kwenye ngazi, ni vivyo hivyo. Na mti ukiwa umegusana na nyaya za stima, iite Kenya Power kwanza.

Utunzaji nao ni afya. Mnyororo ulionolewa vizuri hutoa vipande vya mbao. Ukitoa unga mtupu, ujue ni butu. Fundi hulazimika kuukandamiza kwa nguvu, akachoka, na aliyechoka huteleza. Injini ikipunguzwa kasi, mnyororo usimame kabisa. Kuunoa au kuukaza kufanywe injini ikiwa imezimwa. Petroli nayo isimiminwe kwenye injini iliyo moto, wala pasiwepo sigara karibu.

Kuna kasoro moja iliyozoeleka mno, nayo ni kulainisha mnyororo kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari. Ni ya bure, naam. Lakini oili hiyo hurushwa mikononi na usoni siku nzima, na ikigusana na ngozi kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani.

Madhara mengine huja polepole, hivyo hayaandikwi magazetini. Mngurumo wa msumeno huu aghalabu hupita desibeli 100, ilhali kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 hapa Kenya zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Kipande cha pamba sikioni hakitoshi. Panatakiwa vizibo halisi. Kisha kuna mtetemo. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Miongo kadhaa baadaye ugonjwa uo huo ulionekana kwa wakata miti. Mpira uliowekwa kati ya injini na mishikio ni wa kuupunguza mtetemo huo, ukipasuka, ubadilishwe. Fundi akilalamika kwamba vidole vyake hubadilika rangi asubuhi za Julai, asidhani ni baridi tu. Aende hospitali.

Na ajali ikitokea? Zima msumeno. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kukifunua kila dakika kuchungulia. Damu ya mkono au mguu ikikataa kukoma, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, ukikaze hadi ikome, uandike saa uliyofunga, usikilegeze hadi mfike hospitali. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Wako wanaokitupa wakidhani hakina kazi tena, ilhali mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliurudisha mkono mzima wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Majeruhi apate pia chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo.