Ladha ya Nanasi Haihalalishi Ulevi

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika mji wa Bukoba na huko Muleba umeingia mtindo ambao tusipoukemea mapema utaota mizizi ndani ya nyumba zetu. Ifikapo miezi ya Juni hadi Agosti, mvua zinapopungua na fedha ya kahawa inapoingia mikononi, baadhi ya vijana wetu huketi na chupa ya vodka yenye ladha ya tunda, au waragi ya nanasi na nazi itokayo ng'ambo ya Mutukula. Huionja, huichanganya na juisi na barafu, kisha hukirimiana. Ukiwauliza, jibu li tayari: hii si pombe, ni kinywaji cha matunda cha kupoza joto.

Tulitazame jibu hilo kwa mizani ya dini, kisha kwa mizani ya akili.

Kwanza, jina. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji vya watu wa huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Mtume (S.A.W.) hakumjibu kwa kuchambua asali wala shayiri. Alimpa kanuni moja: kila kilevi ni haramu. Naye Umar bin al-Khattab (R.A.), akihutubia juu ya mimbari, alitaja vitu vitano vilivyokuwa vikitengenezewa pombe zama zile, yaani zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akabainisha kuwa pombe ni kile kinachoifunika akili. Basi nanasi, embe na nazi zitajitoa vipi katika hukumu ambayo tende na zabibu, matunda matukufu ya Bara Arabu, hazikujitoa? Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya kuwa watakuja watu katika umma huu watakaokunywa pombe wakiiita kwa jina jingine.

Wapo wanaosema kuwa kuonja kidogo si kulewa, na wengine huwataja wanazuoni wa Kufa. Ni kweli kwamba Imamu Abu Hanifa alitofautisha pombe ya zabibu na baadhi ya vinywaji vingine. Lakini mwanafunzi wake mwenyewe, Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, aliharimisha kidogo na kingi, na wanazuoni wa madhehebu hiyo waliokuja baadaye wakatoa fatwa kwa kauli yake. Ama madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, haina shaka katika jambo hili: kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu.

Pili, matunda. Je, Uislamu umetunyima utamu wa matunda? Hasha! Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu katika maji, akanywa siku hiyo, ya pili, hata jioni ya siku ya tatu, baada ya hapo hakuyanywa tena, kwa kuchelea yasije yakageuka kileo. Sisi wa Kagera tunaielewa hadithi hiyo kuliko wengi, kwani mfano wake umo migombani mwetu. Ndizi mbivu zikikamuliwa kwa nyasi hutoa omuramba, juisi tamu ambayo mtoto na mzee huinywa. Juisi hiyo hiyo ikitiwa mtama uliokaangwa, ikafunikwa katika mtumbwi wa mti na kuachwa ichachuke, huwa rubisi. Rubisi ikichemshwa na mvuke wake ukakusanywa, huwa gongo. Mgomba ni ule ule na mkungu ni ule ule, lakini hukumu imebadilika, kwa sababu hukumu hufuata ulevi. Aliyekulia Kamachumu au Nshamba hahitaji kufundishwa kuwa tunda linaweza kuwa mama wa pombe.

Tatu, joto. Udhuru huu ni dhaifu, na kwetu ni dhaifu zaidi. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nao upepo wa Ziwa Viktoria hautuachi. Hata kama tungeishi jangwani, pombe isingekuwa dawa ya kiu. Kileo huzuia homoni inayozifanya figo zihifadhi maji, hivyo mnywaji hukojoa zaidi na mwili hukauka. Kinachopoza ni barafu. Vodka inafanya kazi ya kinyume.

Tuzidi kuhesabu. Vinywaji hivi huwa na kileo cha asilimia 35 hadi 40 hivi. Mililita 100 za kinywaji cha asilimia 40 zina kileo sawa na mililita 800 za bia ya asilimia 5. Kijana akizitia katika mililita 200 za juisi, amejitengenezea kinywaji cha asilimia 13, nguvu ya mvinyo, na ulimi wake haukumtahadharisha. Hiyo ndiyo kazi ya ladha ya tunda: kumnyamazisha mlinzi ili mwizi aingie. Kumbukeni pia kuwa tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekiweka kileo katika kundi la visababishi vya saratani, na mwaka 2023 Shirika hilo likatamka kuwa hakuna kiwango chake kilicho salama kwa afya.

Nne, na hili linawahusu walio safu ya mbele msikitini. Mtume (S.A.W.) aliwataja waliolaaniwa kwa ajili ya pombe kuwa ni kumi, na mnywaji ni mmoja tu miongoni mwao. Wamo anayeibeba, anayebebewa, anayeiuza na anayekula thamani yake. Mfanyabiashara Mwislamu anayekataa nguruwe kwa ghadhabu, kisha anapanga chupa hizi dukani kwake au kuzipakia garini mwake kwenda Kemondo, anamhadaa nani? Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, vifuko viliondoka lakini tamaa ilibaki, nayo imevaa chupa yenye picha ya tunda. Sheria ya dola huondoa kifuko. Kuondoa tamaa ni kazi ya mzazi, mwalimu wa madrasa na imamu.

Basi tuanze na lililo mikononi mwetu. Kamati za misikiti ziwaendee wafanyabiashara wetu kwa nasaha ya siri kabla ya lawama ya hadhara. Wazazi wanaoozesha wasifumbie macho meza ya nyuma ya turubai, wala wasisingizie wageni. Na katika walima zetu tuirudishie omuramba heshima yake: ikamuliwe asubuhi, inywewe siku ile ile, vijana wapoe na waswali Alasiri wakijua wanachokisoma. Sura An-Nisaa, aya ya 43, iliwakataza waumini kuikaribia swala wakiwa wamelewa mpaka wajue wanachokisema. Kisha Sura Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, ikafunga mlango wote, na kumalizia kwa swali iwapo tutaacha. Watu wa Madina waliitika kwa kuimwaga pombe yao njiani. Swali hilo sasa linaulizwa Bukoba na Muleba.

Wabillahi tawfiq.