KODI YA MAUZO INAPOMLEMEA MWENYE FAIDA NDOGO

Tuchukue mfano wa wafanyabiashara wawili wa Kang'ata, wilayani Handeni. Mmoja hununua mahindi kwa wakulima na kuyauza kwa wenye malori. Mwingine ni fundi cherehani. Kila mmoja anauza kwa shilingi milioni 10 kwa mwaka, na hakuna anayeweka hesabu.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipanga kwamba mwenye mauzo yanayozidi Sh. milioni 7 lakini hayazidi milioni 11, asiye na kumbukumbu, alipe Sh. 250,000. Hivyo wawili hawa wanalipa sawasawa. Je, huo ni usawa?

Biashara ya mahindi ina faida finyu. Tuseme katika kila Sh. 100 za mauzo mwenye mahindi anabakiwa na Sh. 4. Faida yake kwa mwaka ni Sh. 400,000, na kodi inameza zaidi ya nusu. Fundi, ambaye anachouza hasa ni ujuzi wake, akibakiwa na Sh. 40 katika kila 100, faida yake ni Sh. milioni 4. Kwake kodi ile ile ni kama asilimia 6 tu.

Tangu mwaka 1776 Adam Smith aliandika kwamba kila raia achangie kwa kadiri ya kipato chake. Kwa mwajiriwa kanuni hiyo inafuatwa: mwaka 2020 kiwango cha mshahara usiotozwa kodi kilipandishwa hadi Sh. 270,000 kwa mwezi, yaani Sh. 3,240,000 kwa mwaka. Mwenye mahindi wetu hapati hata robo ya kiasi hicho, lakini analipa.

Ni kweli kwamba kodi ya mkupuo ina manufaa yake. Mlipaji anajua mapema atadaiwa kiasi gani, na ukusanyaji wake si wa gharama kubwa. Lakini urahisi wa mkusanyaji usigeuke mzigo wa mlipaji. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilichukiwa vijijini kwa sababu iliweza kumdai asiye na kitu.

Serikali haina budi kutenganisha viwango kwa aina ya biashara, ili wenye faida finyu wapate nafuu. Wakati tukisubiri hilo, mfanyabiashara ajisaidie mwenyewe. Kwa viwango hivyo vya 2019, mwenye mauzo ya milioni 10 na kumbukumbu kamili hulipa Sh. 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani jumla ya Sh. 180,000. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 pia ilimpa mfanyabiashara mdogo hiari ya kuomba atozwe kwa faida badala ya mauzo, mradi hesabu zake ziwepo.

Daftari na kalamu havizidi shilingi elfu chache. Asiyeandika anakadiriwa, na makadirio hayajui kama mwaka huo ulipata au ulikosa.